Shamba la Mbuzi Ambalo Mzee Hatibu Hakulitaja

Nimestaafu Ijumaa iliyopita nikiwa na miaka kumi na minane. Najua Nasra utacheka, na Josué utacheka kwa sababu Nasra amecheka. Chekeni tu. Nimefanya kazi kwa Mama Temu tangu nilipomaliza darasa la tisa, kila Jumamosi na kila likizo, na sasa naenda chuo kilicho mbali, mahali ambapo hakuna basi la kunirudisha ofisini Langley Park, Maryland. Kiti cha dirishani mtagombania wenyewe. Mama Temu alitaka nikae nanyi nusu siku niwafundishe kazi kwa mdomo. Mimi kuongea mbele ya watu wawili kunanipa homa, hata kama mmoja wao ni binamu yangu, kwa hiyo nimeomba niandike. Daftari halinikodolei macho.

Habari za vyeo siandiki kwa sababu sikuwahi kuwa na cheo. Nilianza nikiitwa "yule binti", nimemaliza nikiitwa "yule binti".

Siku ya kwanza nilifika mapema nusu saa nikakaa kwenye ngazi, kwa sababu niliona aibu kugonga. Kutoka kwetu Alexandria, upande wa Virginia, ni basi, treni, halafu basi jingine, na nilikuwa nimetoka nyumbani kana kwamba nahamia nchi nyingine. Ofisi mnaijua, juu ya duka la vyakula, chumba kimoja na nusu, madirisha hayafunguliwi kwa sababu ya vumbi la ujenzi wa reli. Mama Temu alipanda na mfuko wa ndizi akanikuta pale. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza wewe ndiye unayejua Kiswahili cha kweli au cha kuelewa tu na kujibu kwa Kiingereza? Nikamwambia nimelelewa na nyanya yangu wa Mombasa. Akasema basi, ingia.

Mimi nilidhani wakili wa mirathi ni mtu wa kuja baada ya msiba. Mama Temu kazi yake ni kabla. Anakaa na watu wazima wenye afya zao, au karibu na afya, anawauliza wana nini na wanataka kiende wapi siku ikifika, halafu anapanga karatasi ili kodi isikimege. Na nilidhani pia kodi ya mirathi ni shida ya Wazungu wenye farasi. Siku ile ya kwanza akaja dereva mstaafu wa teksi na mkewe, watu wa Zanzibar, mzee amevaa kofia ya kufumwa na koti la baridi wakati nje kunachemka. Walikuwa na jengo la vyumba kumi na viwili walilonunua zamani wakati hakuna aliyelitaka. Thamani yake ilipotajwa yule mama alimgeukia mumewe akamuuliza kama alijua amelala kitanda kimoja na tajiri miaka yote hii. Mzee akasema angejua angenunua kitanda kikubwa.

Nilipotafsiri yale mazungumzo (Mama Temu Kiswahili anakijua, ila hataki wakili awe mkalimani wa wateja wake) sauti yangu ilikuwa ndogo hadi Mama Temu akaniambia niongee kama namwita mtu ng'ambo ya barabara. Baadaye nikaenda chooni nikalia kidogo, si kwa huzuni, ni presha tu. Naandika hili ili mkijikuta mko chooni mjue choo kile kimezoea.

Somo langu la kwanza la sheria Mama Temu alinichorea nyuma ya bahasha. Alichora mto, na huku Virginia, na huku Washington, na juu yake Maryland. Akasema serikali kuu ina kodi yake ya mirathi, lakini kizingiti chake kiko juu sana, wengi wa wateja wetu hawatakifikia hata wakisimama juu ya paa. Washington wana yao, kizingiti chake kiko chini zaidi. Maryland wana mbili, moja inakata mali yenyewe ikiwa kubwa, nyingine inamkata anayerithi kama si wa karibu, kwa mfano mpwa au rafiki. Virginia hawana kabisa. Yaani mtu akihama nyumba akavuka daraja na kitanda chake, kodi ya jimbo inabaki ng'ambo inamwangalia. Nikaitazama ile bahasha muda mrefu. Mto nauvuka kila Jumamosi nikiwa nimelala mdomo wazi, na kumbe kule chini watu wanabadilika bei.

Kuna mtaa mmoja ambao upande huu wa barabara ni Washington na upande wa pili ni Maryland. Tulikuwa na wateja wawili pale, majirani wanaopeana sufuria, na mipango yao haifanani hata ukurasa mmoja. Hadi leo nikipita mtaa ule nashusha sauti kama niko msikitini.

Sasa vifaa. Kalamu ni ya wino wa buluu, ili nakala halisi ijulikane. Skana inataka kupigwa upande wa kushoto, si wa kulia, Josué usiilazimishe. Na kile kidude cha kung'olea pini za stepla, chenye meno kama nyoka, kikae droo ya chini na kisiguswe. Niwaambie kwa nini. Mwezi wangu wa pili nilipewa wosia uliokwisha kusainiwa niuskani. Mimi kwa usafi wangu nikang'oa pini, nikaskani kurasa moja moja vizuri, nikabana upya pembeni kidogo na pale pa mwanzo. Mama Temu alipoona matundu manne badala ya mawili alikaa chini. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba siku mwenye wosia akiwa hayupo, mtoto aliyekasirika atayanyanyua yale matundu kwenye mwanga na kusema ukurasa umebadilishwa, na hakuna atakayeweza kumuuliza marehemu. Nikaandika kiapo cha ukurasa mzima kueleza matundu mawili. Kiko kwenye lile jalada mpaka leo, na kiko na jina langu lote, pamoja na la babu.

Jambo la pili ni maneno. Msimwambie mzee "ukifa". Hata kama fomu imeandika hivyo. Nilisema hivyo mara moja kwa mama mmoja wa Tanga, akainuka, akavaa viatu, akashuka ngazi. Kwake ni uchuro. Tukamfuata hadi kituo cha basi. Tangu hapo nasema "siku ikifika", na wote wanajua ni siku gani.

Kesi nyingine iliyonifunza ni ya muuguzi mmoja raia wa hapa na mumewe ambaye bado hajawa raia. Mama Temu alieleza kwamba mjane aliye raia anaweza kupokea mali yote bila kodi ya serikali kuu, lakini asiye raia sharti mali iwekwe mikononi mwa msimamizi, na mpango uwe wa namna maalumu. Yule bwana akauliza kwa upole, kwa hiyo wanaogopa nitakimbia nazo? Mama Temu akasema ndiyo. Yule bwana akafikiri, akasema nyumba ya vyumba vinne ataibebaje. Nikaitafsiri hiyo pia, kwa sababu kanuni ya Mama Temu ni moja: tafsiri, usipambe, usipunguze. Hata utani unalipiwa muda.

Hayo ni ya kawaida. Ninayotaka kuwaachia hasa ni ya Mzee Hatibu.

Alikuja mwaka wangu wa mwisho, wakati wa baridi. Mzee wa Tanga, mjane, mrefu, alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki na bado alipanda ngazi zetu bila kushika ukuta. Miaka mingi alikuwa dereva wa teksi uwanja wa ndege wa Dulles. Mimi nilimjua, ila yeye hakunijua. Kila mtoto wa huku anamjua, kwa sababu ya shamba. Kule Sterling, Virginia, kuna uwanja wa nyasi wenye ekari kumi na moja na ua wa waya, na kila Idi ya kuchinja tulikuwa tunapelekwa pale na nyanya. Mbuzi, moshi, watoto kuchafua nguo mpya. Tuliliita shamba la Mzee Hatibu. Siku hizi limezungukwa na yale majengo makubwa yasiyo na madirisha ya kuhifadhia kompyuta, na mbuzi wanaonekana wadogo mno.

Nikakaa pembeni yake nikamsomea fomu ya mali. Una nyumba gani na ardhi gani? Akasema nyumba moja, hapa karibu, aliyoishi na marehemu mkewe. Nikasubiri. Nikamuuliza tena kama hakuna ardhi nyingine. Akaniangalia usoni akasema, "Sina nyingine, binti yangu."

Nikaandika nyumba moja.

Sijui kama naweza kueleza nilivyojisikia. Nilikuwa nimekaa ofisini kutosha kujua ardhi ya Sterling sasa ina thamani gani. Kampuni za kompyuta zinagombania hata kipande cha kuegesha magari. Ekari kumi na moja zingempeleka juu ya kile kizingiti cha serikali kuu ambacho hakuna mteja wetu aliwahi kukisogelea. Na ingawa Maryland haikati ardhi iliyo Virginia, inaihesabu kuona kama umevuka kizingiti chao. Nikajua, au nilidhani nimejua, kwamba mzee anaficha. Mzee mwenye sijda nyeusi kwenye paji la uso, anaidanganya fomu huku ananitazama machoni. Kumsahihisha mtu mzima wa umri wa babu yangu mbele ya wakili, sikuweza. Nikamwambia Mama Temu fomu imekamilika. Aliandaa wosia kwa fomu ile, nyumba kwa watoto watatu, na mwishoni ile sentensi ya kawaida, kwamba kingine chochote kilicho kwa jina lake kiende kwa watoto hao hao. Mzee akasaini kwa wino wa buluu. Mimi nikakaa na siri yangu wiki tatu, nikamchukia kidogo, nikajichukia zaidi.

Wiki ya nne, shule ikiwa imefungwa, akaja mwanawe mkubwa, Yusufu. Anakaa Sterling, anafanya kazi katika mojawapo ya yale majengo. Kiswahili anakielewa chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Alikuwa na barua ya kampuni inayotaka kununua shamba, na hati aliyoichapisha kutoka kwenye tovuti ya kaunti, ina jina moja tu, la baba yake. Alisema kwa heshima kabisa kwamba mzee lazima amesahau, ni ugonjwa, na akaomba mpango urekebishwe kabla kodi haijala nusu. Mama Temu aliisoma hati. Kisha akainua macho akanitazama mimi, kwa sababu uso wangu ulikuwa umekwisha kusema.

Yusufu alipoondoka nilimwambia Mama Temu yote. Nilitegemea kufukuzwa. Aliniuliza swali moja tu, kama nilikuwa na sababu ya kunyamaza au ni woga tu. Nikasema woga. Akasema kunyamaza kwa woga ni ile ile pini niliyong'oa, tofauti ni kwamba safari hii matundu hayaonekani. Halafu akaniambia nimpigie mzee simu, mimi mwenyewe, nimwombe aje.

Mzee Hatibu alikuja siku ya pili, siku isiyo ya hospitali. Mama Temu akaweka hati mezani, akaigeuza imwelekee, akamuuliza mbona shamba hakulitaja. Mzee akaitazama hati kama mtu anayetazama picha ya zamani. Hakuonyesha kushtuka.

"Uliniuliza nina nini," aliniambia mimi. "Hukuniuliza nimeshika nini cha watu."

Kisha akatueleza. Zamani walikuwa madereva saba wa teksi pale Dulles, wote watu wa pwani, wamechoka kununua mbuzi wa Idi kwa kubembeleza wakulima. Wakachanga wakanunua shamba wakati Sterling bado kuna ng'ombe. Sita hawakuwa na karatasi za kuishi nchini, mmoja alikuwa nazo, Hatibu. Kwa hiyo likaandikwa jina lake. Hawakuandikiana chochote. Walisoma Fatiha, wakapeana mikono, wakachinja. Sasa watatu kati ya wale saba wametangulia, mmoja karudi kwao, waliobaki wamezeeka. Na yeye katika miaka yote ile hakuwahi kulihesabu lile shamba kuwa lake, hata ile sehemu yake, kwa sababu imechanganyika na amana na hajui mpaka wake uko wapi.

Nilimdhania mwizi, na kumbe alikuwa amekaa juu ya utajiri ule miaka yote kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Mama Temu alivua miwani. Alimweleza taratibu kwamba mbele ya sheria jina ni jina. Siku ikifika, shamba lote litahesabiwa lake. Serikali kuu itakata sehemu kubwa, na kitakachobaki wosia aliousaini mwezi uliopita unakipeleka kwa watoto wake watatu. Wale sita na wajane wao hawatakuwa na neno. Nadhani ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona mzee akishika ukingo wa meza. Akauliza ana muda gani. Mama Temu akasema hilo aulize daktari. Mzee akasema daktari keshamwambia, na ndiyo maana anauliza.

Unaweza kudhani dawa ni rahisi, awaandikie wale sita sehemu zao. Mama Temu akasema hapana. Wakikosea hapo, serikali itasema Hatibu ametoa zawadi kwa watu sita, na zawadi kubwa hivyo inahesabiwa kwenye kodi ile ile. Ilibidi karatasi iseme ukweli wenyewe, kwamba toka siku ya kwanza lilikuwa la saba na yeye alilishika tu. Na ukweli bila ushahidi, mbele ya kodi, ni hadithi. Akamuuliza kama kuna kitu chochote, picha, barua, shahidi.

Mzee akasema kuna zile risiti za zamu.

Alizileta siku iliyofuata kwenye mfuko wa mchele wa basmati, ule wenye zipu. Kila ardhi huku inatozwa kodi ya kaunti kila mwaka, na wao walipeana zamu, mwaka huu fulani, mwaka ujao fulani, mpaka saba waishe, kisha wanaanza upya. Kila mmoja alilipa kwa jina lake na kumkabidhi Hatibu risiti. Waliokufa, wajane wao waliendelea. Nilizipanga sakafuni kwa mwaka, na Mama Temu alivua viatu ili apite katikati. Zamu haikuruka hata mara moja. Watu walihamishwa, walifukuzwa kazi, walizika, na mwaka wao ulipofika walilipa kodi ya shamba lisilo na jina lao. Mama Temu ni mtu wa maneno mengi, mnamjua. Alisimama pale peku, akasema tu, "Haya." Akaenda kuandika.

Tulikusanya viapo kwa waliobaki na wajane. Mmoja wa wajane ni Bi Mwanaisha, mnamjua, anasafisha vyumba hoteli moja na mama yangu. Zamu yake ya mwisho aliilipa akiwa na goti lililotoka kupasuliwa. Alipomkuta Mzee Hatibu ofisini alimtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Hatibu, miaka yote hii nakuombea uzima kila sala," akamwambia. "Usidhani ni mapenzi. Ni ekari zangu."

"Ningejua ningekutaka radhi mapema," mzee akasema, "nikapumzika."

Nikaona ndiyo nafasi. Nikamwambia mzee, kwa ile sauti yangu ndogo, kwamba siku ya kwanza nilijua habari ya shamba nikanyamaza, kwa sababu nilidhani anaficha. Akanigeukia, akafikiri.

"Ulinidhania mwizi, ukanistiri?" akasema. "Binti, wewe utafaa uwakili."

Bi Mwanaisha alicheka hadi akakohoa. Mimi sikujua niangalie wapi.

Aliyebaki ni Yusufu. Alipopewa habari alikuja ofisini siku baba yake amekuja kusaini, na hasira ya mtu aliyelelewa vizuri, yaani sauti ya chini. Alisema karatasi ni karatasi, hati ina jina moja. Alisema baba yake aliendesha teksi usiku na mchana ili yeye asome, na kama kuna mtu anastahili kupumzika ni familia ile. Kisha akasema jambo ambalo lilimuumiza hata yeye kulisema, kwamba pengine akili ya mzee haiko sawa tena, na mtu asiye sawa hawezi kusaini. Nililitafsiri. Usipambe, usipunguze. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho ingawa Kiingereza anakijua vizuri kuliko mimi, nadhani alitaka kulisikia kwa lugha yake.

Mama Temu alimwomba Yusufu atoke nje. Ni kanuni, mtu anaposaini kitu kizito anaulizwa akiwa bila warithi wake. Akamuuliza mzee leo ni siku gani, wanawe ni wangapi, shamba liko wapi, wenzake ni nani. Mzee akawataja wote sita kwa majina ya baba zao. Kisha likaja lile swali la mwisho, na naliandika kama lilivyosemwa.

"Mzee Hatibu, ukisaini hapa, watoto wako watapata sehemu moja katika saba, badala ya shamba lote. Unalielewa hilo?"

"Mama, watapata lote," mzee alijibu. "Lote la baba yao."

Akasaini. Mkono wake wanaouchoma sindano hospitalini ulikuwa wa kulia, ikachukua muda, na hakuna aliyemharakisha. Mama Temu akaniita nisaini kama shahidi, pamoja na mwenye duka la chini aliyepandishwa na aproni yake. Nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minane wiki mbili nyuma. Niliandika jina langu lote, na hili halihitaji kiapo cha kulieleza. Tukarekebisha na wosia. Sehemu moja ya saba na nyumba, hesabu ikakaa chini ya kila kizingiti, cha serikali kuu na cha Maryland. Yusufu alikuwa ngazini muda wote, pale pale nilipokaa siku yangu ya kwanza. Alimshika baba yake mkono wakashuka.

Fomu ya ofisi sasa ina swali ambalo halikuwapo. Mtalikuta ukurasa wa pili, nililiandika mimi na Mama Temu akalipitisha bila kugusa neno: "Je, kuna mali ya mtu mwingine iliyo kwa jina lako, au yako iliyo kwa jina la mtu mwingine?" Mkiuliza, msikimbilie ukurasa wa tatu. Ngojeni. Hamtaamini watu wetu wameshikiana vitu gani. Kuna mama alilia nilipomsomea, akasema kwa miaka mingi amesubiri mtu amuulize.

Mzee Hatibu alifariki wiki ya sita baada ya kusaini. Tulikwenda mazikoni, mimi, nyanya, mama, na Mama Temu amejifunga mtandio wa kuazima. Wanawake tulikuwa nyuma, nyuma ya pazia, na sauti inatujia kwa spika. Mnajua desturi, kabla maiti hajasaliwa mmoja wa familia anasimama mbele ya watu kuuliza madeni. Nilidhani atasimama ami yao. Akasimama Yusufu. Na alisema kwa Kiswahili, kile ambacho sijawahi kukisikia mdomoni mwake, kinajikwaakwaa lakini kinakwenda.

"Kama kuna mtu anamdai baba yangu," alisema, "kama kuna mtu ana kitu chake kwa baba yangu, aniambie mimi."

Akasubiri. Msikiti ulikuwa umejaa hadi kwenye viatu. Spika ilikuwa inavuma tu. Nilijua wako mle ndani, wale wazee waliobaki na watoto wa waliotangulia, na nikasikiliza kama upande wa pili wa pazia kuna mtu atakayekohoa au kusogea. Hakuna. Bi Mwanaisha alikuwa ubavuni mwangu, goti lake bovu amelinyoosha mbele. Aliinamisha kichwa, akajibu kwa sauti ambayo Yusufu asingeweza kuisikia:

"Hatumdai, mwanangu. Msalie."